Jeni Haikufa, Imekunjwa

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu makala hii imetoka humo.

Mwaka jana, katikati ya masomo, mama yangu mdogo aliniomba nimsindikize hospitalini pamoja na mtoto wake wa miaka saba. Mtoto huyo, ambaye kwa desturi yetu ni mdogo wangu kabisa wala si binamu, ana ugonjwa ambao hapa Lubumbashi watu huuita SS, daktari huuita drépanocytose, na Watanzania wameupa jina zuri la selimundu, yaani seli iliyopinda kama mundu. Mama mdogo anasikia Kifaransa cha sokoni, si cha daktari. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, na nyumbani kila mtu anaamini kwamba anayesoma lugha anajua kutafsiri. Nikakaa kati yao nikatafsiri.

Daktari alieleza kwa subira. Alisema kila mtoto huzaliwa na damu ya aina nyingine, damu ya tumboni, ambayo haipindi. Akasema kwamba baada ya kuzaliwa jeni ya damu hiyo huwa "éteint". Kisha akaandika vidonge vya hydroxyurée, vya kumeza kila siku, ambavyo husaidia damu ile ya kwanza kurudi kwa kiasi. Nililisikia neno éteint, nikatafuta la kwetu kwa haraka, nikasema: "Anasema ile jeni ya damu ya utoto ilikufa." Nilisema kama tunavyosema kila siku kwamba redio ilikufa, simu ilikufa, gari ilikufa njiani. Katika Kiswahili chetu kitu kilichokufa ni kitu kilichoacha kufanya kazi, na fundi anaweza kukitengeneza.

Lakini mama mdogo hakuwa anasikiliza habari za redio. Alikuwa na mtoto mgonjwa mapajani, na neno alilosikia ni kifo. Alinunua vidonge vya mwezi wa kwanza, akanunua vya mwezi wa pili, kisha akaacha bila kumwambia mtu. Tulikuja kujua usiku mtoto alipolia kwa maumivu ya mifupa hadi asubuhi, tukampeleka hospitalini, akaongezewa damu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa, alinijibu kwa swali: "We mwenyewe ulisema ilikufa. Kama ilikufa, dawa ni ya kufanya nini?" Pesa za vidonge alikuwa amelipia minervali ya dada wa mtoto huyo.

Sikuwa na jibu. Alikuwa amefikiri sawasawa juu ya neno nililompa. Kinyume cha kufa ni kufufuka, na kufufuka si kazi ya vidonge.

Tangu siku hiyo nimesoma biolojia kuliko nilivyotarajia, nikisaidiwa na rafiki wa fakulte ya tiba ambaye alikubali kunifafanulia alichofundishwa. Nimefikia maoni ambayo nataka kuyatetea mbele yenu, wanafunzi wenzangu. Jambo ambalo sayansi inaliita kunyamazishwa kwa jeni linaweza kuelezwa kwa lugha zetu kwa usahihi mkubwa, kwa sababu sarufi yake tumekuwa nayo tangu zamani. Kuchagua neno lake ni kazi ya fakulte yetu. Tukiiacha, itafanywa kwa haraka na mtu aliyekaa katikati, kama nilivyofanya mimi, na gharama atailipa mgonjwa.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe.

Katika karibu kila seli ya mwili wa mtu kuna ADN yenye urefu wa karibu mita 2. Imewekwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu 6 za elfu moja za milimita. Uzi mrefu hivyo hauwezi kuingia humo bila kukunjwa. Kwa hiyo ADN huzungushwa juu ya protini ndogo ziitwazo histoni: herufi 147 za ADN huzunguka kifundo cha histoni nane, karibu mara mbili, kisha uzi unaendelea hadi kifundo kinachofuata. Uzi pamoja na vifundo vyake ndiyo kromatini. Mwaka wa 1928 Mjerumani Emil Heitz, aliyechunguza seli za mimea ya kuvumwani kwa darubini, aliona kwamba kromatini haiko sawa kila mahali: kuna sehemu zilizolegea na sehemu zilizokazwa, ambazo hubaki nyeusi hata pale nyingine zinapokunjuka.

Sehemu hizo zilizokazwa ndizo zinazotuhusu. Ili jeni ifanye kazi, ni lazima mashine za seli ziifikie na kuisoma. Jeni iliyo katika sehemu iliyolegea hufikiwa. Jeni iliyokunjwa ndani ya sehemu iliyokazwa haifikiwi, ingawa herufi zake zote zipo na hazina kosa. Mwaka wa 1930 Mmarekani Hermann Muller alipiga nzi wa matunda kwa miale ya eksirei akapata nzi wenye macho ya mabaka, mekundu na meupe. Jeni ya rangi nyekundu haikuwa imeharibika. Ilikuwa imehamishwa ikawekwa jirani na sehemu iliyokazwa, na katika baadhi ya seli mkunjo ule ulienea hadi kuifunika. Baadaye watafiti walionyesha kwamba jeni ya namna hiyo ikihamishwa tena mbali na mkunjo, hufanya kazi upya. Kama ingekuwa imekufa, isingerudi.

Nani anaamua wapi pakunjwe na wapi pakunjuliwe? Hapo ndipo zinapoingia alama. Histoni zina mikia inayochomoza nje ya kifundo, na juu ya mikia hiyo seli hubandika vipande vidogo vya kemia. Kipande kiitwacho asetili hupunguza mvuto kati ya histoni na ADN, na uzi hulegea. Vimeng'enya vingine huondoa asetili, na uzi hukaza. Kipande kiitwacho metili, kikibandikwa mahali fulani kwenye mkia wa histoni ya tatu, huita protini nyingine zinazokuja kushikilia mkunjo. Metili hubandikwa pia juu ya ADN yenyewe, kwenye herufi C, na seli inapogawanyika kimeng'enya maalumu husoma uzi wa zamani na kunakili alama hizo kwenye uzi mpya. Kwa hiyo seli ya ini huzaa seli za ini, haizai seli za ubongo, ingawa zote zina jeni zilezile. Maarifa ya alama hizi huitwa epijenetiki, neno ambalo Mwingereza Conrad Waddington alianza kulitumia mwaka wa 1942, kabla muundo wa ADN haujajulikana.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Ugonjwa wake unatoka katika herufi moja tu. Katika jeni ya globini iitwayo beta, mahali palipopaswa kuwa na A pana T. Hemoglobini inayotokana nayo hushikamana ikikosa oksijeni, na seli nyekundu hupinda. Hilo ni kosa la herufi. Lakini kwenye kromosomu hiyohiyo ya 11, kando kidogo, kuna jeni nyingine mbili za globini, ziitwazo gama, ambazo zilifanya kazi alipokuwa tumboni na ambazo hazina kosa lolote. Mwaka wa 1948 daktari wa watoto huko Brooklyn, Janet Watson, aligundua kwamba watoto wachanga waliorithi jeni hii wana seli chache zilizopinda, akafikiri kwamba damu ya tumboni inawakinga. Alikuwa na haki. Ndiyo maana maumivu kwa kawaida hayaanzi katika wiki za kwanza bali baada ya miezi kadhaa, damu ile inapopungua.

Inapungua kwa sababu jeni za gama hukunjwa. Protini iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake katika damu ilionyeshwa mwaka wa 2008, hushika mlango wa jeni za gama na kuja pamoja na vimeng'enya vinavyoondoa asetili. Juu ya ADN ya hapo huwekwa metili. Eneo la mbali linaloamrisha globini zote, ambalo wakati wa mimba lilijipinda kugusa gama, sasa hugusa beta. Mtu mzima mwenye afya hubaki na damu ya tumboni chini ya sehemu 2 kwa 100. Jeni ya gama ya mdogo wangu, kwa hiyo, ipo mzima katika karibu kila seli yake. Imekunjwa. Mimi nilimwambia mama yake kwamba ilikufa.

Je, ningesema nini? Nimejaribu maneno manne, na kila moja nimelipima kwa watu, si kwa kamusi peke yake.

Kufa tumeshaliona. Jirani yake ni kuzima, ambalo ndilo tafsiri ya kawaida ya éteindre. Ni neno bora kidogo, kwa sababu taa iliyozimwa huwashwa. Lakini kuzima kunaambatana na kuzimia na kuzimu, na mtu mwenye hofu husikia jamaa zote za neno, si lile moja ulilokusudia. Kifaransa chenyewe kina shida hiyohiyo: mzee aliyefariki kwa utulivu, husemwa kwamba s'est éteint.

La pili ni kunyamazishwa, kama wasemavyo Waingereza. Lina sifa nzuri: linaonyesha kwamba kuna aliyesababisha. Kunyamaza ni jambo la mtu mwenyewe, kunyamazishwa ni kazi ya mwingine, na jeni kweli hainyamazi yenyewe. Lakini neno hili linaipa jeni mdomo. Tena, katika nchi yetu, mtu aliyenyamazishwa mara nyingi harudi kusema.

La tatu ni kufunga. Nilidhani nimepata. Kufunga kuna kufungua, na mlango kila mtu anaujua. Nilikwenda kwa mama mdogo nikamwambia kwamba jeni ile ilifungwa tu, na dawa inaifungua kidogo. Uso wake ulibadilika. Akaniambia: "Pasta naye alisema mutoto alifungwa." Nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtu hufungwa kizazi, hufungwa bahati, hufungwa na watu wa ukoo, na kwamba kufunguliwa ni jambo la maombi ya usiku. Nilikuwa nimeingiza jeni katika mashtaka. Aliyefungwa ana mfungaji, na mama mdogo alianza mara moja kumtafuta upande wa wakwe. Nikaona kwamba neno sahihi katika kamusi linaweza kuvunja nyumba.

La nne ni kukunja. Safari hiyo sikueleza kwanza. Nilichukua kitenge chake kilichokuwa kwenye kiti, nikakikunja mara nyingi hadi maua yake hayakuonekana, nikamuuliza kama maua yameisha. Akacheka. Nikamwambia kwamba ndivyo mwili ulivyofanya na ile jeni, kwa mtoto wake, kwa mimi, kwa yeye, kwa kila mtu aliyezaliwa, na hakuna aliyetenda ubaya. Akasema: "Kumbe balikunja tu." Hakutafuta aliyekunja, kwa maana kukunja nguo ni kazi ya kila nyumba na haina mchawi.

Kukunja si mfano mzuri tu. Ndilo jambo lenyewe linalotokea ndani ya kiini. Hatukuazima picha ili kurahisisha. Tulitaja kitendo kwa jina lake. Na hapa sarufi inatupa zawadi ambayo Kifaransa hakina kwa urahisi huo.

Sote tulijifunza katika mwaka wa kwanza mnyambuliko wa kutendua: kunja na kunjua, funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, choma na chomoa. Wanaosema Kiswahili sanifu wamepoteza konsonanti iliyokuwa humo, lakini hujitokeza tena wanaposema fungulia. Sisi wa Lubumbashi hatukuipoteza: tunasema kufungula, kukunjula, na tulichekwa kwa hilo shuleni. Kinyarwanda kina gufunga na gufungura, Lingala ina kokanga na kokangola, Kikongo kina kanga na kangula, Kibemba kina isala na isula. Meeussen alikirudisha kiambishi hiki hadi kwenye Kibantu cha asili katika kazi yake ya mwaka wa 1967. Schadeberg baadaye alipendekeza kiitwe kitenganishi badala ya kitendua, kwa sababu mara nyingi hakisemi kurudisha nyuma tu bali kutenganisha, kutoa kitu katika mahali kilipokaa. Ukifikiria kromatini, yote mawili ni kweli: mkunjo unarudishwa nyuma, na tabaka zilizoshikamana zinaachana.

Hoja yangu ya kisarufi ni hii. Tofauti kubwa ambayo mgonjwa anahitaji kuielewa ni kati ya kosa la herufi na mkunjo. Herufi iliyobadilika imebadilika. Mkunjo una kinyume chake. Katika lugha zetu tofauti hiyo imo ndani ya kitenzi: kuna vitenzi vinavyopokea kitendua na kuna visivyopokea. Kukosea hakuna kukoseua. Kukunja kuna kukunjua. Mama asiyejua neno epijenetiki anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa, kwa sababu aliijua kabla hajatimiza miaka mitano.

Na historia ya dawa inakubaliana na kitenzi hiki. Mwaka wa 1982 madaktari huko Marekani walimpa mgonjwa mwenye ugonjwa mwingine wa globini ya beta dawa inayozuia metili isinakiliwe juu ya ADN, na jeni za gama zikaamka. Ukazuka ubishi: je, ni kwa sababu ya kuondoka kwa alama, au kwa sababu dawa hiyo inasumbua seli changa za damu? Ili kupima, wakajaribu hydroxyurée, ambayo haigusi alama hizo moja kwa moja, na damu ya tumboni ikapanda nayo. Kwa hiyo kidonge cha mdogo wangu kilitokana na ubishi juu ya mikunjo, ingawa njia yake si kufuta alama. Kinshasa ilishiriki katika utafiti mkubwa wa dawa hii kwa watoto wa Afrika, ulioongozwa kwa upande wa Kongo na Daktari Léon Tshilolo, pamoja na vituo vya Angola, Kenya na Uganda. Watoto 606 walitumia dawa. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019. Na mwishoni mwa mwaka wa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliruhusu tiba inayokata sehemu ya ADN ambayo seli za damu hutumia kutengeneza BCL11A. Herufi iliyokosewa haiguswi. Anaondolewa mkunjaji, na gama inakunjuka. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, kwa hiyo kwa sasa si habari ya mtaa wetu. Lakini wazo lake mama mdogo ameshalielewa kwa kitenge.

Najua nitapingwa, na baadhi ya pingamizi nimeshazisikia.

Wa kwanza watasema kwamba sayansi yetu iko katika Kifaransa, na kwamba nikitaka kutafsiri histoni, metili na asetili nitaunda maneno ambayo hakuna atakayeyatumia. Nakubali nusu. Majina tuazime. Histoni iingie katika ngeli yake kama vile simu na redio zilivyoingia, na hakuna atakayeumia. Vitenzi tusiazime, kwa sababu katika lugha za Kibantu ndimo maana inamofanyiwa kazi: nani amefanya, kwa ajili ya nani, kwa kinyume gani, kwa kiasi gani. Ukisema "jeni ni éteint" umeleta neno lililokauka. Ukisema imekunjwa, msikilizaji anaweza mwenyewe kutengeneza inakunjuka, ikunjuliwe, haikunjuki vizuri, na kuuliza swali ambalo hukulitarajia.

Wa pili watasema kwamba hii ni kazi ya wauguzi. Wauguzi wanaifanya kila siku, na wengi wao wanaifanya kuliko mimi. Lakini wanaifanya kila mmoja peke yake, mbele ya foleni, na mazuri wanayoyagundua hayaandikwi popote. Utafiti wa watoto wachanga 31,204 wa Kinshasa, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulikuta ugonjwa huu kwa mtoto 1.4 katika kila 100, na karibu 17 katika 100 walibeba nusu yake. Ugonjwa wa kiasi hicho hauwezi kuachiwa tafsiri za papo kwa papo.

Wa tatu, na hao ndio ninaowaogopa, watasema kwamba neno zuri huleta matumaini ya uongo. Ni kweli kwamba epijenetiki inauzwa vibaya. Nimeshasikia ikitumika kueleza laana za mababu na kuuza chai ya majani. Tena kitenge changu kina mipaka: hakionyeshi jinsi mkunjo unavyokumbukwa seli inapogawanyika, na kinaficha ubishi uliopo kati ya wataalamu kwamba mara nyingine alama hutangulia ukimya wa jeni na mara nyingine huufuata. Lakini dawa ya neno lililozidi ni kulipima. Nilimwambia mama mdogo kwamba vidonge hukunjua kidogo, si vyote, na vikiachwa mkunjo unarudi. Hilo si tumaini la uongo. Neno kufa ndilo lililokuwa uongo, na lilitoka kwangu.

Basi naomba mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha za mfadhili. Kwanza, kazi za mwisho wa masomo katika idara yetu zikubali mada za istilahi za magonjwa yanayotuzunguka, na mwanafunzi apimwe kwa kuwa maneno yake yameeleweka katika chumba cha kungojea, si kwa kuwa jopo limeyapenda. Pili, tukae na wenzetu wa tiba, watu wachache tu, tuandike ukurasa mmoja kuhusu SS kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, chenye kukunjula yake bila kuona haya, na mwingine kwa Kiswahili sanifu kwa ajili ya wanaokisoma. Tatu, tuandike makosa yetu. Jarida hili limechapisha uchambuzi mwingi wa methali. Lingechapisha pia orodha ya tafsiri zilizodhuru, tungejifunza mengi. Yangu iwe ya kwanza.

Kuna jambo moja bado linanikera kama mwanaisimu. Madaktari wanapopanga aina za jeni ya selimundu kwa mazingira yake ya kromosomu, wanaita mojawapo Bantu. Jina hilo Wilhelm Bleek alilitoa katika sarufi yake ya karne ya 19 kwa ajili ya lugha zenye ngeli kama zetu, na leo limo ndani ya karatasi za damu. Aina hiyo mara nyingi huonekana pamoja na damu ya tumboni kidogo kuliko nyingine. Jina la lugha zetu limefika maabara. Lugha zenyewe bado zimesimama mlangoni.

Mdogo wangu anameza vidonge tena. Havimponyi, na mwezi ambao pesa haipo bado ni mwezi mgumu. Wiki iliyopita nilikuwa kwao, mama mdogo anapiga pasi, na katikati ya kazi akaniuliza: "Na ile mubaya, ile ya SS, hatuwezi kuikunja?"

Nilimpelekea swali hilo rafiki yangu wa tiba. Alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba ni swali la kweli: beta na gama hushindania eneo lilelile linaloziamrisha, na moja ikipata zaidi nyingine hupata kidogo, kwa hiyo kuikunjua njema ni pia kuikunja mbaya kwa kiasi, na kuna watafiti wanaoifuata njia hiyo. Nilirudi kumwambia mama mdogo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akachukua shati la mtoto lililofuata.